Mwongozo kamili wa kuandika wasifu wa kazi kwa mwanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila inapokaribia likizo ya chuo, na kila linapotoka tangazo la nafasi za mafunzo kwa vitendo, wanafunzi huniletea wasifu wao niupitie kabla hawajautuma. Kasoro ninayokutana nayo ni ileile: ukurasa umejaa maneno ya kunakili, na kazi ambazo mwanafunzi amezifanya kwa mikono yake mwenyewe hazimo. Kijana aliyeshika daftari la karafuu la familia kwa msimu mzima anaandika kwamba hana uzoefu. Binti aliyefundisha madrasa tangu kidato cha 3 anaandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza, sentensi ambayo msomaji ameshaikuta katika karatasi nyingine zote zilizoko mezani kwake siku hiyo.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa chuo, na pia aliyemaliza kidato cha 6 anayesubiri kuendelea na masomo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Vitu vya kuandaa

Viweke mezani kabla hujaandika neno hata moja. Anayeandika tarehe na majina kwa kukumbuka tu ndiye anayekosea.

- Tangazo la nafasi unayoiomba, likiwa kamili. Picha iliyokatwa na kusambazwa kwenye WhatsApp mara nyingi hukosa tarehe ya mwisho au orodha ya viambatisho.
- Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.
- Vyeti au karatasi za matokeo ya kidato cha 4 na cha 6, pamoja na matokeo ya chuo ya muhula uliopita.
- Barua yoyote uliyopewa ulikofanya mafunzo kwa vitendo au kazi ya kujitolea.
- Daftari na kalamu.
- Kompyuta au simu yenye programu ya kuandikia. Google Docs haina malipo na inafanya kazi kwenye simu.
- Anuani ya barua pepe yenye jina lako halisi.

Kuhusu anuani hiyo, ile yenye jina la utani au jina la timu ya mpira ibaki kwa marafiki. Fungua nyingine, andika nywila yake mahali salama, na uizoee kuifungua kila siku, kwa sababu mwaliko wa usaili ukifika huko na wewe huuoni, kazi yote ya hatua zinazofuata imepotea bure.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu

Pigia mstari kila sifa inayotakiwa, kila kiambatisho kinachoombwa, tarehe ya mwisho na njia ya kutuma. Tuseme hoteli ya Nungwi inatafuta mwanafunzi wa mapokezi mwenye Kiingereza kizuri, lugha nyingine ya Ulaya, uwezo wa kutumia kompyuta na utayari wa kufanya zamu ya usiku. Hayo ni mambo manne, na wasifu wako utapimwa kwa jinsi unavyoyajibu hayo manne kabla ya jambo lingine lolote.

Angalia pia lugha ya tangazo, kisha uandike kwa lugha hiyohiyo. Tangazo la Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili, na la Kiingereza kwa Kiingereza. Ikiwa hakuna tangazo na unakwenda mwenyewe kuomba nafasi, andaa wasifu wa Kiingereza kwa hoteli za kitalii na wa Kiswahili kwa ofisi za umma na jumuiya za mitaani.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kumweleza mwenzako, bila kulitazama tangazo, mambo matatu au manne ambayo mwajiri anayatafuta.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi zote ulizowahi kufanya

Fungua daftari na uandike kila kazi uliyoifanya tangu ulipoingia sekondari, ya kulipwa na isiyo ya kulipwa, bila kuchagua na bila kuona haya. Anza na nyumbani, kisha mtaani, skuli, madrasa na chuoni. Jiulize ni nani aliyekuwa akitunza fedha za mashindano ya skuli, nani alikaa dukani kwa mjomba mwezi wa Ramadhani, nani alimwandikia mama uzito wa mwani uliouzwa, nani aliwafundisha watoto wa jirani hisabati kabla ya mtihani wa kidato cha 2, nani aliwapokea wageni katika harusi na kuwapangia mahali pa kukaa.

Wengi hukwama hapa kwa kudhani kwamba uzoefu ni ule tu ulioandikiwa mkataba. Mwajiri anayemchukua mwanafunzi anajua kwamba hajapata mkataba bado. Anachotafuta ni dalili kwamba mtu huyu ameshawahi kukabidhiwa jambo akalifikisha mwisho. Usipofika angalau kurasa mbili za daftari, rudi tena, na umuulize mama, kaka au rafiki wa karibu, kwa maana wao hukumbuka mambo ambayo wewe umeyazoea hata huyaoni.

Hatua ya 3: Andika jina na mawasiliano

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi. Kwetu hapa tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyolifikiria. Mtu mmoja anakuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye cheti cha kidato cha 4 na Muhammed kwenye kitambulisho; mwingine ni Khadija upande mmoja na Hadija upande mwingine, au Ali hapa na Ally pale. Anayepokea maombi mengi hana muda wa kuchunguza kama hawa ni mtu mmoja, na mfumo wa kompyuta unaolinganisha majina hauwezi kukisia. Ikiwa vyeti vyako vinatofautiana, tumia jina lililo kwenye cheti cha kidato cha 4, na uanze mapema kufuatilia marekebisho ya hati nyingine, maana kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja.

Chini ya jina weka namba ya simu ikianza na +255, barua pepe, na eneo unaloishi, kwa mfano "Mwanakwerekwe, Unguja" au "Wete, Pemba". Kama kijijini kwenu mtandao hukatika, ongeza namba ya pili ya mtu unayemwamini, na umjulishe kwamba anaweza kupigiwa.

Namba ya kitambulisho, dini, kabila, hali ya ndoa na majina ya wazazi viache, isipokuwa tangazo limeviomba. Wasifu hupita mikononi mwa watu wengi usiowajua, na taarifa hizo hazimsaidii mwajiri kupima uwezo wako. Picha vilevile iwekwe pale tu inapoombwa.

Hatua ya 4: Elimu

Anza na masomo unayoyasoma sasa na urudi nyuma. Andika jina la programu, jina la chuo, mwaka ulioanza na mwaka unaotarajia kumaliza. Mwaka wa kumaliza ni muhimu, kwa sababu mwajiri anataka kujua utapatikana lini. Ukitaja wastani wa alama, utaje pamoja na kiwango chake cha juu, kwa mfano "3.9 kati ya 5", ili msomaji asiyejua mfumo wa chuo chako asije akaudhani mdogo. Kisha kidato cha 6 na cha 4, jina la skuli, mwaka na daraja. Skuli ya msingi na ya maandalizi hazihitajiki.

Ukiwa na masomo mawili au matatu ya chuo yanayogusa moja kwa moja nafasi unayoiomba, yataje kwa majina.

Hatua ya 5: Geuza kazi zako kuwa mistari inayosomeka

Wasifu hufaulu au hufeli hapa, kwa hiyo hatua hii ipewe muda kuliko nyingine zote. Kila mstari wa kazi uwe na mambo manne: kitendo ulichokifanya, ulikifanyia nini au nani, kwa kiasi gani, na nini kilitokea baadaye. La nne likikosekana mstari bado unasimama, lakini matatu ya mwanzo hayana budi kuwepo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uhasibu kutoka Wete anayeomba nafasi katika ofisi ya fedha. Katika daftari lake ameandika: "Nilimsaidia baba katika karafuu." Ukiuacha mstari huo ulivyo, msomaji anapita. Sasa mwanafunzi ajiulize maswali. Ulifanya nini hasa? Anajibu kwamba jioni wachumaji wanaporudi na mapakacha yao, yeye ndiye aliyekuwa akipima karafuu kwa pishi, akiandika jina na idadi kwenye daftari, akizidisha kwa bei ya pishi na kutoa malipo. Wachumaji walikuwa wangapi? Kumi na wawili. Kulikuwa na matatizo? Mwanzoni wachumaji walikuwa wakilalamika kwamba pishi zao zimepunguzwa, ndipo akaanza kumwonyesha kila mmoja namba yake kabla ya kumlipa, na malalamiko yakapungua. Mstari unakuwa hivi:

*Mtunza hesabu za uchumaji wa karafuu, shamba la familia, Wete, msimu wa 2024. Nilipima na kuandika mavuno ya wachumaji 12 kila jioni, nikakokotoa malipo yao kwa pishi na kuwalipa fedha taslimu. Nilianzisha utaratibu wa kila mchumaji kuthibitisha idadi yake kabla ya kulipwa, jambo lililopunguza malalamiko.*

Hakuna neno hata moja lililobuniwa hapo. Kazi ni ileile aliyoiita "kumsaidia baba", isipokuwa sasa mhasibu anayesoma anaona mtu aliyeshika fedha za watu, akaweka kumbukumbu na kutatua mgogoro wa hesabu.

Kitenzi "kusaidia" ndicho kinachoharibu mistari mingi. Kila unapokiona, jiulize ulisaidia kwa kufanya nini, kisha uandike kitendo hicho chenyewe: nilihesabu, nilipanga, nilifundisha, nilipokea, nilirekebisha, nilitafsiri. "Nilisaidia madrasa" inakuwa "Nilifundisha kusoma na kuandika herufi za Kiarabu kwa darasa la watoto 20, siku tano kwa wiki, kwa miaka miwili." Kwa anayetafuta mwalimu au mhudumu wa watoto, mstari huo una uzito kuliko cheti cha semina ya siku moja.

Waliofanya mafunzo kwa vitendo hotelini au ofisini wana kosa lao la pekee, nalo ni kuorodhesha idara walizozungushwa: mapokezi, jikoni, usafi wa vyumba, stoo. Idara ni mahali tu. Andika ulichokabidhiwa katika kila idara, na ukipunguza idara ili upate nafasi ya kueleza moja vizuri, hujakosea.

Hapa kuna onyo moja, nalo nalisema kwa msisitizo. Usiongeze chumvi. Wachumaji wakiwa 12, andika 12, usiwafanye 50. Visiwa hivi ni vidogo na watu wanajuana. Anayekufanyia usaili anaweza kuwa na ndugu katika kijiji hichohicho, na simu moja inatosha kujua ukweli. Mstari wa kweli ulioandikwa kwa makini una nguvu ya kutosha.

Utajua mistari yako imeiva ukimpa mtu asiyekujua asome mmoja tu, kisha umwombe akueleze ulikuwa ukifanya nini siku nzima. Akiweza kueleza, endelea. Akianza kukisia, rudi kwenye maswali.

Hatua ya 6: Ujuzi na lugha

"Najua kompyuta" haisemi kitu. Taja programu na unachoweza kukifanya nayo: "Excel: kutengeneza jedwali la mapato na matumizi, kutumia fomula za jumla na wastani." Kwa lugha fanya vivyo hivyo. Hoteli za mwambao zinathamini sana lugha za wageni, na Kitaliano huko Kiwengwa kina soko lake, lakini kuandika "Kitaliano kizuri" huku unajua salamu tu ni kujitafutia aibu mbele ya msailiwa mwenzako na msaili pia. Andika "Kitaliano: naweza kumpokea mgeni, kumwelekeza chumba na kueleza saa za chakula." Msaili akikujaribu, atakujaribu katika hilo hilo ulilolitaja.

Kitu usichoweza kukionyesha papo hapo ukiombwa, kiache nje.

Hatua ya 7: Wadhamini

Weka watu wawili au watatu, kwa idadi iliyoombwa kwenye tangazo. Wanaofaa ni mhadhiri aliyekufundisha somo linalohusika, msimamizi wa mafunzo yako kwa vitendo, au mwalimu mkuu wa madrasa uliyofundisha. Sheha wa shehia yako anaweza kukupa barua ya utambulisho wa makaazi, na inapoombwa iambatishwe, ila kwa udhamini wa kazi mtafute aliyekuona ukifanya kazi. Baba, mjomba na shangazi wasiwemo, hata kama wana vyeo.

Mwendee kila mmoja, mwamkie, umwombe ruhusa, na umpe nakala ya wasifu wako ili akipigiwa simu ajue umeandika nini. Mdhamini aliyeshtukizwa hujibu kwa kusitasita, na kusitasita kwake kunahesabiwa juu yako. Andika jina lake, cheo chake, mahali anapofanya kazi na namba anayoipokea kweli.

Hatua ya 8: Muhtasari wa juu, uandikwe sasa

Watu huanza na sehemu hii, ndiyo maana huishia kunakili. Ukishamaliza hatua ya 5 unajua una nini, na mistari mitatu itakuja yenyewe. Taja wewe ni mwanafunzi wa nini na wa mwaka gani, jambo moja kubwa ulilolifanya, na nafasi unayoiomba:

*Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya utalii. Nimefanya kazi mapokezi kwa miezi miwili katika mafunzo kwa vitendo, nikihudumia wageni kwa Kiingereza na Kifaransa cha mwanzo. Naomba nafasi ya mafunzo ya mapokezi, na niko tayari kwa zamu za usiku.*

Kila tangazo jipya liandikiwe muhtasari mpya. Sehemu nyingine za wasifu zinaweza kubaki, lakini hii lazima ibadilike.

Hatua ya 9: Panga ukurasa na uuchape

Mwanafunzi atosheke na ukurasa mmoja, na wa pili uje tu ikiwa kazi zako zinaujaza kwa haki. Tumia herufi za aina moja, ukubwa wa 11 au 12, vichwa vya sehemu vikolezwe wino, na uache nafasi nyeupe pembeni. Epuka fremu za maua, rangi nyingi na majedwali. Mara nyingi huvurugika faili likifunguliwa kwenye simu nyingine. Kazi inayokaribia zaidi nafasi unayoiomba ipande juu, hata kama si ya karibuni, mradi uiweke chini ya kichwa chake, kama vile "Uzoefu unaohusiana na nafasi hii".

Ikiwa huna kompyuta na unakwenda steshenari, kuwa mwangalifu. Mchapaji mwenye foleni hufungua wasifu wa mteja wa jana, akafuta jina na kuandika lako. Matokeo yake ni wasifu wa mwanafunzi wa uuguzi unaosema lengo lake ni kuwa mhasibu, au wadhamini wa mtu mwingine kubaki chini ya ukurasa. Mwambie aanze na ukurasa mtupu, kaa pembeni yake mpaka amalize, soma kwenye kioo kabla hajachapisha, kisha ujitumie faili kwa barua pepe yako. Faili likibaki kwenye kompyuta ya dukani peke yake, kila marekebisho yatakugharimu upya. Umwombe pia alifute baada ya kukutumia.

Hifadhi nakala mbili: moja ya kuhariri, na moja ya PDF ya kutuma. Faili la PDF lipe jina linalosomeka, lenye jina lako na nafasi unayoiomba, kwa sababu mwajiri anayepokea mafaili yote yanayoitwa "wasifu mpya" hawezi kulipata lako tena.

Hatua ya 10: Kagua, kisha utume

Chapisha nakala moja na uisome kwa sauti, ukiwa na vyeti pembeni, ukilinganisha kila mwaka na kila jina. Mpe mtu wa pili naye asome. Piga namba yako uliyoiandika kwa kutumia simu ya mwenzako, uone kama inaita. Fungua PDF kwenye simu nyingine uhakikishe mistari haijahama.

Unapotuma kwa barua pepe, mwili wa barua usiachwe mtupu. Andika sentensi tatu au nne: salamu, nafasi unayoiomba na ulikoliona tangazo, viambatisho ulivyoweka, na namba yako. Kichwa cha barua kifuate maelekezo ya tangazo. Kwa ajira za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinazoombwa kupitia mfumo wa ZanAjira, jaza kila sehemu kwa kutazama wasifu uliokwisha kukaguliwa, ili yaliyomo kwenye mfumo na yaliyomo kwenye kiambatisho yasipingane. Usisubiri siku ya mwisho, kwani umeme ukikatika au mtandao ukizidiwa hutakuwa na la kufanya. Na akitokea mtu anayedai fedha ili akupitishie maombi yako, usimpe, na usimtumie vyeti vyako.

Baada ya kutuma, weka tangazo na wasifu ulioutuma katika folda moja, ukiandika tarehe. Simu ya usaili inaweza kuja wiki nyingi baadaye, wakati umeshatuma maombi mengine kwa maneno tofauti, na ni lazima ujue wao wameshika nakala ipi. Chapisha nakala hiyohiyo, rudi kwenye daftari la hatua ya 2, na kwa kila mstari jiandae kueleza kwa dakika mbili ilikuwaje, ulifanya nini na nani anaweza kuthibitisha. Siku ya usaili uende nayo mkononi pamoja na vyeti halisi.